Baba alikuwa mtu wa reli, arobaini inakaribia, niandike nini?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Baba yetu alifariki wiki 2 zilizopita hapa Tabora akiwa na miaka 74 au 75, hatuna uhakika. Tulimzika siku ile ile baada ya alasiri kwahiyo hakukuwa na muda wa kusema chochote kuhusu yeye. Alifanya kazi reli toka 1972 mpaka 2004, ameacha watoto 9 na wajukuu 21. Sasa familia wamekubaliana kwenye hitma ya arobaini isomwe historia yake na tutoe kakijitabu kadogo watu waondoke nako, kazi nimepewa mimi eti kwa sababu ndo niliyesoma. Siku ya 3 hii nimeandika 'Marehemu alizaliwa' basi nimeishia hapo. Halafu kati ya hao watoto 9, wawili ni wa mama mdogo wa Urambo na mama yetu hapendi watajwe. Naanzia wapi?"

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana, poleni familia nzima, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na awape subira.

Nikwambie kwanza, huko kukwama hapo kwenye "Marehemu alizaliwa" sio kwamba hujui kuandika. Umewasha jiko na sokoni hujaenda, jikoni hamna hata kitunguu, sasa unapika nini? Funga hilo daftari kwa siku 10 hivi. Una muda, arobaini bado, na huo muda wenzako wengi hawaupati, mimi tangu nistaafu ualimu watu wananiletea wasifu wa wapendwa wao niwanyooshee Kiswahili na mara nyingi unaingia kwenye simu saa 6 usiku na mazishi ni kesho saa 4 asubuhi, sasa hapo unanyoosha nini zaidi ya kuweka nukta na koma. Ninyi mmemzika haraka kama dini yenu inavyotaka na mkabaki na wiki kadhaa za kumkumbuka vizuri. (Najua wapo wanaosema arobaini haisomwi, hayo ni ya masheikh, mimi sio dini yangu siyaingilii.)

Naomba nikusimulie la kwangu, ndo utaelewa kwa nini nasisitiza. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Miaka 40 na kitu, baraza moja, Singer moja nyeusi ya kukanyaga. Alipofariki wasifu wake uliandikwa na binamu yangu kwenye gari tukitoka kuchukua jeneza, mimi nilikuwa nahangaika na mambo ya kaburi sikuusoma, kosa langu hilo. Ukasomwa kanisani: alizaliwa, alisoma mpaka darasa la 4, alioa, "katika uhai wake marehemu alijishughulisha na biashara ndogondogo". Dada yangu aliyekuwa amekaa pembeni yangu akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, biashara ndogondogo ndo nini? Sikuwa na jibu mpaka leo.

Mana kila mtu mle kanisani alikuwa amevaa mkono wa baba yangu kwa namna moja au nyingine. Sare za shule alikuwa anaziachia pindo refu kwa ndani, inchi 3 mpaka 4, ili mtoto akirefuka mama yake afumue ashushe asilazimike kununua nyingine. Hakuwa anatoza hela ya ziada kwa kile kitambaa na wala hakuwa anasema, mama anaenda kugundua mwenyewe mwaka unaofuata. Watoto wa rika langu pale mtaani tulikuwa tunatambulika kwa mstari kwenye kaptula, pale pindo la zamani lilipokuwa, juu kaki imepauka na chini bado imekolea. Tulikuwa tunaona aibu na ule mstari! Sasa hilo ndo lilitakiwa kusomwa, sentensi 3 tu, kanisa zima lingemuona mzee. Badala yake tukasomewa biashara ndogondogo.

Na wewe mwanangu usikasirike, lakini "alifanya kazi reli" ndo biashara ndogondogo yako. Umeniandikia miaka 32 kwa maneno 3. Reli alikuwa nani? Dereva wa treni? Gadi? Fundi wa karakana? Alikuwa stesheni masta anauza tiketi na kupokea simu za treni, au alikuwa kwenye genge la njia wale wanaotembea juani na nyundo wanakaza mataruma kilomita kwa kilomita? Hawa ni watu tofauti kabisa, wanarudi nyumbani saa tofauti, nguo zao zinanuka harufu tofauti. Mtoto wa fundi wa karakana anakumbuka harufu ya grisi, mtoto wa gadi anakumbuka baba ambaye siku 3 hayupo halafu anatokea asubuhi na muhogo wa njiani au samaki wakavu wa Kigoma.

Kwahiyo kazi ya kwanza ni sanduku. Kila mzee wa umri ule ana sanduku la bati, au brifkesi iliyokufa kitasa, chini ya kitanda au juu ya kabati. Muombe mama ruhusa mfungue pamoja, usifungue peke yako, hilo ni la heshima na pia usije ukaambiwa umechukua kitu. Humo utakuta barua ya ajira, vitambulisho vya kazi, stakabadhi za malipo, labda kadi ya TANU na ya CCM, ya CCM haiwezi kuwa ya kabla ya Februari 1977 mana chama chenyewe kilizaliwa tarehe 5 mwezi ule. Picha zigeuze nyuma, studio za zamani zilikuwa zinagonga muhuri na mara nyingine tarehe, na wazee walikuwa wanaandika kwa kalamu ya wino "mimi na fulani, Kaliua". Hizo herufi zake usizipite, mwandiko wa mtu ni kitu kikubwa, huo utauweka kwenye kijitabu.

Angalia jina la mwajiri kwenye karatasi za mwanzo. Aliajiriwa 1972 kwahiyo hakuajiriwa na Tanzania peke yake, aliajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi, mali ya nchi 3. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977 na reli zikagawanywa, huku kwetu ikawa TRC, Shirika la Reli Tanzania, yaani mzee wako alibadilishiwa mwajiri bila kuhama kiti. Wafanyakazi wa ile Jumuiya walidai mafao yao miaka na miaka, wengine mpaka wakaandamana Dar wakiwa na mvi. Je, mzee alikuwa kwenye ile orodha? Alilipwa? Alikuwa na wenzake wa Kenya au Uganda waliorudi kwao wakapoteana? Mimi nimewahi kusoma barua ya mzee mmoja wa reli aliyekuwa akiandikiana na rafiki yake wa Kisumu kila mwaka mpaka mmoja alipoacha kujibu. Labda wa kwenu hakuwa na kitu kama hicho, ila uliza.

Na kuna 2002. Aliyekuwa reli mwaka ule anaikumbuka Igandu, tarehe 24 Juni, treni ya abiria iliyorudi nyuma yenyewe ikagongana na ya mizigo pale Dodoma, watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Mzee alikuwa bado kazini, amebakiza miaka 2 astaafu. Sikwambii uweke ajali kwenye wasifu, nakwambia muulize mama alirudije nyumbani wiki ile. Wakati mwingine mtu mzima ambaye hakuwahi kulia mbele ya watoto alilia siku moja tu, na ni mke wake peke yake anayejua.

Kuhusu miaka msijisumbue sana. Tarehe ya kuzaliwa iliyopo kazini kwa watu wa rika lile mara nyingi ilikuwa ya kukadiria, karani anakutazama anaandika. Andika "alizaliwa mwaka 1950 au kabla kidogo" kama ndo mnachojua, hakuna atakayekupiga, kuliko kubuni 12 Machi halafu shangazi ainuke mbele ya watu aseme hapana. Ukitaka kusogea karibu na ukweli usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani", miaka ya namba hawaishiki, uliza kwa matukio. Alipozaliwa kaka ilikuwa kabla ya Azimio la Arusha au baada? Mlihamia kota za reli kabla ya vita vya Amin au vilikuwa vimeshapita? Nani alikuwa mgongoni wakati wa foleni za sukari na sabuni, nani alikula unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano? Wakina mama hasa wanakumbuka kwa mimba, "nilikuwa na mimba yako Sokoine alipofariki", basi hiyo ni Aprili 1984 umeshapata na mwezi wake. Nimeona familia inabishana mwaka wa harusi nusu saa na bibi mmoja kwenye mkeka akamaliza kwa kusema siku ile redio ilikuwa inasema nini.

Sasa watu wa kuuliza. Kila mtu anaenda kwa mjane na kwa kaka mkubwa wa marehemu, sawa, hao ni lazima. Lakini fikiria nani mwingine alikuja msibani ukamshangaa. Siku ya mazishi si msemaji wa familia alisimama akasema mwenye kumdai marehemu ajitokeze na mwenye kudaiwa naye ajitokeze? Waliojitokeza, au waliokuja pembeni baadae kusema "mimi nilikuwa nadaiwa na mzee na akanisamehe", hao watafute wote. Deni lina hadithi ndani yake. Kinyozi wake, muuza kahawa wa kijiweni, yule aliyekuwa anacheza naye bao au drafti, mwenye duka alilokuwa anachukua kwa daftari. Nenda na simu, rekodi, usiandike mtu akiongea mana ukiinamisha kichwa kuandika mzee anaanza kuongea kama yuko mahakamani.

Na watani! Hapa naona watu wanapoteza dhahabu. Kama ni Wanyamwezi mna watani wenu na lazima walikuwepo, na kama walikuwepo basi walimuigiza. Kwenye msiba wa baba yangu mtani mmoja wa Kizaramo alichukua ile futi ya kupimia nguo akaivaa shingoni kama mzee alivyokuwa anaivaa, miwani ameishusha puani, akawa anapita kwa waombolezaji anawapima mabega. Akafika kwa mzee wa kanisa akampima tumbo, akatingisha kichwa kile kile cha baba, akasema "hii nguo sikuongezei, lipa kwanza ile ya Pasaka". Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia. Mama yangu alicheka mpaka akaomba maji. Yule mtani katika dakika 5 alieleza zaidi ya karatasi ya binamu yangu, yaani kile kichwa, baba alikuwa anatingisha hivyo hivyo mtu akiomba kukopa na hapo hapo anamkopesha. Kwahiyo waulize watani wenu walimuigizaje mzee. Alivyokuwa anatembea? Alivyokuwa anaangalia saa? Watu wa reli na saa zao tunawajua. Mtani anaiga kile ambacho kila mtu alikiona na hakuna aliyekisema.

Nakuja kwa wajukuu na hapa naomba utulie kidogo, kwenye wasifu wa watu wazima ndo panapoharibika kila siku. Wanaandikwa mwishoni kama namba, "ameacha wajukuu 21", basi. Lakini fikiria, mzee amestaafu 2004, hiyo ni miaka 20 hivi ya kukaa nyumbani, na hiyo miaka aliishi na nani? Ninyi mlikuwa Dar, Mwanza, mko kwenye kazi zenu, aliishi na wajukuu. Yule baba mliyemjua ninyi, aliyekuwa anaingia mlangoni na watoto wote mnanyamaza, mkanda unaning'inia nyuma ya mlango, wao hawamjui huyo mtu. Wao wanamjua babu aliyekuwa anamwita mjukuu wa kike "mke wangu" na kumgombania na bibi, anayemwambia mjukuu wa kiume "wewe ni mume mwenzangu, chakula changu usile", babu anayebakiza chai chini ya kikombe na kipande cha mkate kwa makusudi kwa sababu kuna mtu wa miaka 4 amesimama pembeni anasubiri.

Nina rafiki yangu mmoja alikuwa na uchungu kweli na jambo hili, alikuwa ananiambia mwalimu, mimi nilivunja glasi nikiwa na miaka 7 nilichapwa mpaka jirani akaja kuniombea, mwanangu juzi kavunja tivii, babu yake kasema "mwacheni, tivii yenyewe ilikuwa inasema uongo". Huyu ni nani jamani? Nikamwambia ni yule yule, ila zamani alikuwa anaogopa, ana mshahara mmoja na watoto 8 na glasi zilikuwa 6. Akanyamaza muda mrefu. Kuchapwa kwake sikupigii makofi, ila ukiweza kuandika wote wawili, baba na babu, kwenye karatasi moja bila kumficha mmoja, hapo umeandika mtu.

Waulize wajukuu bila wazazi wao kuwepo. Mzazi akikaa pale atamkatiza, "sema babu alikuwa anatupenda". Mtoto muulize maswali madogo: babu alikuwa anaweka wapi pipi? Alikuwa anakataza nini? Ukiumwa alikuwa anafanyaje? Alikuwa anaimba nini akioga? Na yule anayebeba jina lake, lazima yupo mmoja, yule ambaye baba yake mwenyewe anamwita "baba" na anashindwa kumchapa kwa sababu ya jina, huyo mpe nafasi ya pekee. Na kama kuna mjukuu aliyelelewa na mzee toka ananyonya mpaka amemaliza shule, mwandike hivyo, kwamba alimlea, asipotee katikati ya hao 21.

Halafu hesabu yenyewe iangalie. Mtoto wa mjukuu ni kitukuu, mtoto wa kitukuu ni kilembwe. Kila mwezi naletewa wasifu umeandikwa vilembwe 3 na ukiuliza ni watoto wa wajukuu. Kama anao vitukuu waandike vitukuu.

Haya, la mama mdogo. Nilitaka kulikwepa lakini ndo limekukalisha siku 3, sio uandishi. Mwanangu umeniandikia "ameacha watoto 9". Hukuandika 7. Hakuna aliyekulazimisha, umeandika swali kwa mtu baki na mkono wako ukahesabu wote. Basi hesabu ni hiyo, usiibadilishe kwenye karatasi ya hitma.

Kuhusu namna, iko njia ambayo nimeona inafanya kazi. Waandike watoto wote kwa mfululizo wa kuzaliwa, wa 1 mpaka wa 9, bila kichwa cha "kwa mke wa kwanza" na "kwa mke wa pili", na kamwe usiweke "wa nje", hilo neno likishachapwa halifutiki na watoto hawakuchagua pa kuzaliwa. Wake, kama ndoa ni ya kidini na inajulikana, ni mstari mmoja tu: ameacha wajane 2. Mama yako akishindwa kabisa kuumeza huo mstari basi usiandike idadi ya wajane, andika watoto tu. Hapo ndo mwisho wa kurudi nyuma, watoto usitoe hata mmoja. Na sio kwa ajili ya utu tu, kuna na upande wa sheria, kikao cha ukoo kitakaa kuteua msimamizi wa mirathi, mahakamani itatakiwa orodha ya warithi, na siku hiyo mtu atatoa mfukoni kijitabu chako chenye watoto 7 na kuuliza hawa wengine mliwasahau au mliwaficha? Karatasi ya kumuombea baba dua inageuka ushahidi wa ugomvi. Kwa sababu hiyo hiyo usitaje mali humo, nyumba, shamba, ng'ombe, acha kabisa.

Mama usimshtukize siku ile mbele ya watu. Yuko eda, miezi 4 na siku 10, yuko ndani na kichwa kinazunguka na wageni wanaingia na kutoka. Nenda jioni watu wakishatoka, usianze na wale wa Urambo. Anza na kumuuliza alikutana vipi na mzee. Mwache aongee siku 2, 3. Mwanamke aliyepewa nafasi ya kuisema ndoa yake yote, na mabaya yake, mara nyingi anafika mwenyewe kwa yule mwenzie, labda kwa maneno makali lakini anafika. Hapo ndo unamuonyesha ile orodha. Akikataa, mtume shangazi, yaani dada wa marehemu, hizi ndo kazi za mashangazi. Na watoto wa Urambo wapigie simu na wao uwaulize habari za baba, mana wao wanamjua mtu mwingine tena, yule wa mwisho wa wiki.

Sasa siku ya kuandika ikifika. Usianze na kuzaliwa. Anza na mzee akiwa hai anafanya kitu, kitu ambacho wote waliokaa kwenye mkeka watasema "eeh, huyo ndo yeye", kuzaliwa kutakuja aya ya pili. Andika "baba", "mzee", "babu", "marehemu" mara moja au mbili zinatosha, kuna wasifu niliusoma una marehemu 43 kwenye ukurasa mmoja nilizihesabu. Na yale maneno ya mcheshi, mchapakazi, mpenda watu, mcha Mungu, andika halafu jiulize kwa kila moja, nimemuona wapi? Ukikosa pa kumuonea, futa. Ukipata, andika ulipomuona na hilo neno lenyewe halitahitajika tena.

Ugonjwa, mistari 2. Wasifu mwingi nusu nzima ni hospitali, alianza kusumbuliwa na presha, akapelekwa, akapewa rufaa, akarudishwa, hali ikabadilika. Najua ndo kumbukumbu ya karibu na ndo inauma lakini miaka 74 isimezwe na wiki 3 za wodini.

Usimfanye malaika pia, watu walimjua. Chagua kakosa kake kamoja ambako mwenyewe angekasikia angecheka, alikuwa mkaidi wa dawa, alikuwa haamini mtu mwingine kupanga foleni, alikuwa akinuna ananuna wiki nzima, iseme kwa upendo. Makosa mazito ya ndani ya nyumba sio ya mkeka wa hitma, hayo yana kikao chake.

Urefu wa kusoma kwa sauti usizidi maneno 700, hiyo ni dakika 7 hivi ukisoma taratibu, na baada ya hapo watu wanaanza kusikia harufu ya pilau. Asome mtu mwenye sauti na ambaye hatavunjika katikati, sio lazima wewe, na awepo wa pili mwenye nakala mkononi wa kupokea akishindwa. Kijitabu ni kitu kingine, humo unaweza kuwa mrefu na kuweka maneno ya wajukuu kama walivyosema bila kuwanyoosha. Steshenari watakwambia A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4, kwahiyo panga kurasa 8 au 12, ukipeleka kurasa 9 utakuwa na kurasa tupu 3 mwishoni. Picha za zamani zipelekeni zikaskaniwe, usipige na simu juu ya meza zinang'aa na kivuli cha kichwa chako kinatokea.

Ukimaliza, kabla ya kuchapa, msomee shangazi yako kwa sauti, asisome mwenyewe. Atakapokukatiza na kusema "hapana, haikuwa hivyo, ilikuwa hivi", washa rekodi, mana anachokwambia hapo ndo kizuri kuliko ulichoandika.

Mwisho kabisa kuna jambo la haraka ambalo halihusiani na kuandika. Simu ya mzee. Iko wapi saa hizi? Kama alikuwa na WhatsApp, akaunti isiyotumika siku 120 inafutwa, na laini isiyowekewa vocha nayo ina mwisho wake. Sauti alizowatumia ninyi ziko kwenye simu zenu, waambie ndugu wote leo wasifute chat ya baba wala wasibadili simu kabla hawajazitoa. Fungua ile chat, gusa na shikilia kila voisi, itume kwenye barua pepe yako au uiweke Google Drive, hata zile za kipuuzi za "mmefika salama?", hizo hasa. Na simu yake yeye, muulize mama ilipo, ichajini.